Pole ya Masalu

Jumatano, 4 Septemba 1996

Semina inakuja Mwanza! Siku tano. Chai asubuhi, chakula mchana, begi lenye nembo. Nimeingoja semina tangu nilipomaliza chuo cha uuguzi wa akili kule Dodoma. Wenzangu wa malaria wamekwenda semina mpaka wamenenepa. Wa Ukimwi usiseme. Sisi wa magonjwa ya akili tumekaa na funguo zetu na sindano zetu, hakuna anayetukumbuka.

Mganga mkuu ametuita wawili, mimi na Sista Janet Agutu. Janet ni Mjaluo wa Mara. Anasema kidogo, anatembea bila viatu kusikika. Tumefanya kazi kliniki moja muda mrefu na sijui anawaza nini. Tumeambiwa kwamba mwisho wa semina mmoja wetu atachaguliwa kuwa mkufunzi wa Kanda yote ya Ziwa. Mkufunzi! Nikamtupia Janet jicho. Alikuwa anatazama dirishani.

Nikauliza semina inahusu nini. Mganga mkuu akakohoa. Akasema ni ya kutufundisha kuwahudumia wale. Wale gani? Wale wanaume wanaopenda wanaume, na wanawake vivyo hivyo. Nikasema hao Mwanza hatuna, hao wako pwani. Akasema wafadhili wanasema wapo kila mahali. Basi nikasema wapo.

Gladness, mke wangu, ameuliza kama nitapata cheti. Nimemjibu nitapata cheo. Akasema haya, mkufunzi, bomba limeanza kutoa maji, chukua ndoo.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefika wa kwanza. Mlango ulikuwa haujafunguliwa. Nimekaa kiti cha mbele kabisa. Nimevaa suti ya harusi yangu. Inabana.

Mwezeshaji ni Dokta Teodora, mama wa Kihaya, daktari wa akili kutoka Dar. Sauti ya chini, miwani imening'inia shingoni. Kaanza kwa kutuambia kwamba jambo hili si ugonjwa. Wakubwa wa afya duniani wamekwisha kuliondoa katika magonjwa. Wameliondoa! Mimi nililisoma chuoni kama ugonjwa, nikaulizwa kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Nikanyoosha mkono nikauliza alama zangu sasa zinakwenda wapi. Watu wakacheka. Dokta hakucheka. Alisema ni swali zuri, halafu hakulijibu.

Mganga msaidizi mmoja kutoka Misungwi akauliza basi mtu wa namna hiyo akija apewe dawa gani. Dokta akasema apewe kiti. Akae, asikilizwe. Akasema watu hawa wanakuja kwetu kila siku. Wanakuja usingizi umepotea, wanakuja tumbo linawaka, wanakuja wamechoka kuishi, na kabla ya kusema lolote wanatutazama usoni. Wakiona dharau wanaomba vidonge vya kichwa, wanaondoka, na wengine hatuwaoni tena. Nikaandika "apewe kiti", nikapigia mstari.

Kanuni mbili. Ya kwanza, siri ya mteja ni ya mteja mwenyewe. (Siku hizi si mgonjwa, ni mteja, kama dukani.) Ya pili, tusimlete mtu yeyote pale semina kuwa mfano, hata akikubali mwenyewe. Dokta akairudia hiyo ya pili. Nimeielewa. Hiyo ni kwa wale wasiojua kazi.

Nimenyoosha mkono kuliko wote. Janet hakunyoosha kabisa. Lakini wakati wa chai nimemwona Dokta akimmiminia Janet maziwa kwa mkono wake. Sijapenda.

Jumanne, 10 Septemba

Leo igizo. Mmoja anakuwa mshauri, mwingine mteja. Nikajitolea kuwa mteja kabla sijaombwa. Tangu shule ya msingi mimi ni hodari wa maigizo. Nikaingia kwa madaha, kiuno huku, kiuno kule, mkono hewani, sauti nyembamba. Watu hawana mbavu! Mganga wa Misungwi alitoa leso akafuta machozi. Nikajua cheo nimeshakitia mfukoni.

Dokta akangoja kicheko kiishe chote. Akaniuliza kwa upole kama nimewahi kukaa na mtu wa aina hiyo nikamsikiliza. Nikasema bado. Akasema nimewahi, ila hakuniambia. Nikarudi kitini. Suti ikazidi kubana.

Halafu akaitwa Janet. Akakaa. Akaweka mikono mapajani. Akasema hapati usingizi. Basi! Mshauri akamuuliza tangu lini. Akasema tangu alipofiwa. Amefiwa na nani? Akatazama mlango kama umefungwa vizuri, ndipo akasema amefiwa na mtu aliyekuwa anaishi naye. Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilikuwa nimenuna.

Nikarudi nyumbani namchukia Janet njia nzima. Nilipofika karibu na uwanja wa Kirumba nikasimama ghafla katikati ya barabara, mwenye baiskeli akanitukana. Hapati usingizi! Ninaye mtu asiyepata usingizi! Kijana mmoja anayekata minofu ya sangara kiwandani. Tangu mwezi wa sita anakuja kliniki kila Jumatano kuomba vidonge vya kulala. Haji na ndugu, ingawa utaratibu wetu ni kwamba mtu haji kliniki ya akili bila ndugu wa kumsindikiza. Ananitazama usoni, anachukua vidonge, anakwenda zake. Anaitwa Masalu.

Janet ana igizo. Mimi nina mtu mwenyewe.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetoroka semina baada ya chakula nikakimbilia kliniki. Masalu alikuwa mwisho wa benchi. Mrefu, mpole, mikono imejaa alama za visu, ananuka samaki na sabuni. Ni Msukuma mwenzangu. Sikumuuliza ndugu yuko wapi. Nikampa kiti. Nikafunga mlango. Nikanyamaza.

Kunyamaza ni kazi ngumu sana! Niliubana ulimi kwa meno.

Akaanza mwenyewe. Alikuwa na mwenzake, jina lake Otuoma, fundi wa mashine za maboti. Walipanga chumba kimoja hapo Kirumba. Majirani waliwaona vijana wawili wanaobana matumizi, hawakuuliza. Otuoma alikwenda Bukoba kutengeneza mashine ya mtu. Mwezi wa tano akapanda meli arudi. Sikuhitaji kuuliza meli gani. Mwanza hii nani asiyeijua MV Bukoba, na nani hakufiwa na mtu wake, au jirani yake, au mtu wa kanisani kwake. Asubuhi ile Masalu alikuwa ameomba ruhusa kazini akampokee. Alisimama bandarini na shati safi mpaka watu walipoanza kupiga mayowe.

Alikwenda kutafuta katika maiti siku zote zile. Hakumwona. Siku ya mazishi ya pamoja kule Igoma akaenda. Wafiwa walikuwa upande mmoja, watu wengine upande mwingine. Mama mmoja wa kanisa alikuwa anapita akiwashika wafiwa mikono, akamfikia, akamuuliza yeye amefiwa na nani. Masalu akasema hajafiwa. Akasema amekuja kutazama tu. Yule mama akampita. Kesho yake alikuwa kiwandani anakata samaki kama jana na juzi.

Nikalia. Naandika ukweli humu, hakuna anayesoma: nililia machozi, wala si igizo. Nikamwambia, "Pole sana, Masalu. Pole kwa kufiwa." Akalaza kichwa juu ya meza yangu, mabega yakawa yanatikisika. Aliponyanyuka akasema hiyo ndiyo pole yake ya kwanza.

Tukazungumza mpaka mfagiaji akagonga mlango. Nikamuuliza kwao ni wapi, nikiwa Msukuma siwezi kutouliza. Ni mtoto wa Shimba wa Bujora, yule mcheza ngoma maarufu. Shimba ameshatenga ng'ombe, anataka mwanawe aoe. Masalu alinishika mkono akasema baba asijue. Baba akijua, yeye kwao amekwisha. Nikamwambia siri yake imeingia kaburini.

Ameondoka bila kuomba vidonge. Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi. Nikaenda kunawa uso bombani. Na pale pale, sabuni ikiwa bado machoni, wazo likanijia. Ikiwa mimi nimelia, je, mgeni rasmi atakayefunga semina?

Alhamisi, 12 Septemba

Mpango umekamilika. Mzuri mno. Kesho ni kufunga semina na mimi ndiye mshereheshaji, niliiomba kazi hiyo tangu Jumatatu. Baada ya risala nitasema tunaye mtu. Mtu huyo atakuwa nyuma ya pazia. Jina lake litakuwa Yusufu. Atasimulia ya mwenzake, ya bandari, ya Igoma. Watu watalia. Dokta Teodora atasahau maziwa aliyommiminia Janet.

Jioni nikaenda chumbani kwa Masalu. Chumba kisafi, ukuta umebandikwa picha ya bahari iliyokatwa kwenye kalenda. Akanikaribisha chai. Nilipomweleza alikataa. Nikamweleza tena. Nikamwambia kuna vijana kama yeye Geita, Sengerema, Ukerewe, wanafungwa kamba na kuchomwa sindano kwa sababu waganga hawajamsikia mtu hata mmoja. (Hili ni kweli. Mimi mwenyewe nimechoma.) Akaniuliza kama nina hakika hakuna atakayemjua. Nikaapa kwa mama yangu. Akasema sawa, atakuja, kwa sababu nilimpa pole.

Pazia nimelipata wodi ya wazazi, lile la kitambaa lenye magurudumu. Nilipokuwa nalisukuma kwenye korido nikakutana na Janet. Akauliza la nini. Nikamdokeza kidogo, nilishindwa kujizuia. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile! Akasema nimwache kijana wa watu akalale. Akasema na yeye anao wa kwake kama huyo, wamekaa kwenye benchi letu hili miaka yote, na mimi nimewapita nikiwasalimu. Akasema, "Shigela, hicho ulichopewa si chako." Nikamwambia wivu haujengi. Akaondoka, na kwa mara ya kwanza viatu vyake vilisikika.

Anao wa kwake! Majivuno tu.

Magurudumu ya pazia yalikuwa yanapiga kelele. Nimeyapaka mafuta.

Ijumaa, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Masalu alikuja mapema, kwa mlango wa nyuma, amevaa shati safi. Nikamkalisha nyuma ya pazia kabla watu hawajaingia. Dokta Teodora alipoingia akaliona pazia, akanijia moja kwa moja akauliza kuna nini pale. Nikamwambia ni zawadi yake. Uso wake ukabadilika. Alikuwa ameanza kusema kitu, mgeni rasmi akaingia, tukasimama wote.

Mgeni rasmi ni Mzee Ndalahwa, mwenyekiti wa bodi ya hospitali. Mzee mwema, fimbo mkononi, hana makuu. Nilidhani atakwenda kukaa meza kuu. Yeye akasema hawezi kukaa hajasalimia watu. Akaanza kupita mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Akafika kwenye pazia. Chini yake miguu inaonekana. Akauliza huyu nani. Nikasema ni mgeni wetu maalumu, anapenda kukaa hapo. Mzee akacheka, akasema tangu azaliwe hajawahi kusalimia pazia. Akalisukuma kwa fimbo. Kwa sababu ya mafuta yangu likaenda mpaka ukutani.

Masalu akasimama. Akainama kama kijana yeyote wa kwetu anavyoinama mbele ya mzee. Mzee akamsalimu Kisukuma, Masalu akaitika vizuri. Halafu mzee akauliza, kama wazee wetu wote wanavyouliza, yeye ni wa nani. Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa. Kwetu salamu haijaisha mpaka umtaje baba yako. Mzee anangoja, mkono wako umo mkononi mwake, na kumnyima jibu ni kama kumgeuzia mgongo. Masalu akanyamaza. Mzee akangoja. Chumba kizima kikangoja. Mzee akauliza tena, taratibu, kama anayedhani kijana hakusikia.

Mimi nimelelewa. Sijawahi kuona salamu ya mzee ikiachwa inaning'inia. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Nikasikia sauti yangu inasema, "Wa Shimba, baba. Shimba wa Bujora."

Lo, furaha ya mzee! Kumbe mtoto wa Shimba! Kumbe yeye na Shimba walicheza ngoma kundi moja ujanani! Akamshika Masalu bega, akawaambia watu wote ndiye huyu, mtazameni, ni baba yake mtupu. Akasema Jumapili atafika Bujora kumpelekea Shimba salamu.

Masalu alinitazama. Nilitaka akasirike, hakukasirika. Alinitazama vile alivyokuwa ananitazama Jumatano zote anapokuja kuomba vidonge. Akautoa mkono wake taratibu katika mkono wa mzee, akaaga kwa adabu, akatoka.

Nikaendelea na ratiba, ningefanyaje. Nikaomba makofi. Waliopiga walikuwa wachache. Janet alikuwa ameshatoka kumfuata.

Jumatatu, 16 Septemba

Janet ndiye mkufunzi. Dokta Teodora amemtangaza kabla ya kupanda ndege. Aliniita pembeni. Nilijiandaa kwa makaripio, nilikuwa na majibu yote, hasa kuhusu magurudumu. Hakunikaripia. Aliniuliza tu sasa yule kijana akikosa usingizi atakwenda kwa nani. 

Mchana Mzee Ndalahwa akaja kliniki, amevua kofia. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Jana alikwenda Bujora kama alivyoahidi. Akamkuta Shimba na ndugu zake wamekaa, akamwambia kwa furaha kwamba amekutana na mwanawe hospitali, kwenye semina. Shimba akauliza semina ya nini. Mzee akamwambia. Ilikuwa imeandikwa kwenye kitambaa ukutani kwa herufi kubwa, kwa nini asimwambie? Shimba akaweka kikombe chini. Akasimama, akaingia ndani, hakutoka tena kumuaga mgeni wake.

Mzee akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba ni siri. Jamani. Nilitafuta pazia, nilitafuta jina la bandia, nilimfundisha Masalu sauti ya kutumia. Mzee nikamsahau kabisa. Akasema yeye alidhani anapeleka salamu. Akarudia hivyo hivyo, alidhani anapeleka salamu. Nimemsindikiza mpaka getini, alikuwa anatembea vibaya.

Jumatano, 18 Septemba

Nimekaa kulitazama benchi tangu asubuhi. Hakuja.

Saa nane nikaenda kiwandani. Msimamizi akaniambia Masalu hayupo. Habari ya Bujora ilifika kiwandani, na tangu Jumatatu wenzake walikataa kukata naye meza moja, wengine walisema hawatakunywa maji kwenye kikombe alichotumia. Masalu alikisafisha kisu chake, akakiweka pale kinapowekwa, akavua aproni.

Nikaenda Kirumba. Chumba kitupu. Mama mwenye nyumba akanisimulia akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Shimba alikuja jana na ndugu zake. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Walitoa vitu nje kimoja kimoja. Kitanda kilikuwa kimoja. Shimba alikitazama muda mrefu, akakalia jiwe, akajifunika uso kwa koti. Halafu akamwambia Masalu asionekane Bujora, wala siku ya msiba wake yeye Shimba asije. Masalu alikuwa anainama tu. Katika vitu vyote vile alichukua begi dogo na viatu vya Otuoma. Havimtoshi, alivibeba mkononi. Mama mwenye nyumba anadhani amekwenda Misungwi kwa shangazi yake, Kija.

Nimerudi nyumbani, sikuweza kula. Nina huzuni kubwa. Kila nikifumba macho namwona amesimama bandarini na shati lake safi. Mtu alikuwa na msiba mmoja, mimi nimemfanya awe na miwili. Nikamwambia Gladness yote. Akasema niende nikamwombe radhi. Akasema niende peke yangu, kwa miguu yangu, kimya kimya, kama mtu aendaye msibani.

Wazo zuri sana. Ila hilo la miguu si la heshima. Mtu aliyedharauliwa namna ile anastahili kufuatwa kwa heshima.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimekwenda Misungwi. Nimekwenda na gari la mradi ulioleta semina. Nilimwambia dereva kwamba Janet ameruhusu. Janet hakuwa na habari.

Gari ni jipya, jeupe, kubwa. Milango yote miwili imeandikwa MRADI WA UKIMWI NA AFYA YA AKILI. Nilikaa mbele nikiwa na suti. Nilitaka Masalu aone kwamba hospitali nzima imemjia. Njia ya kwa Kija hatukuijua, tukawa tunasimama kila nyumba kuuliza, na kila nyumba watu walitoka, wakasoma mlango, wakatufuata. Tulipofika tulikuwa na msafara. Dereva akapiga honi.

Kija ni mama mtu mzima, mwembamba, alikuwa anapepeta mtama. Shikamoo, marahaba. Akalitazama gari, akawatazama majirani, akaweka ungo chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama mtoto wa kaka yake anaumwa.

Hapo nilijisikia vizuri. Swali hili nilikuwa nimefundishwa! Nikasimama wima, nikamjibu, na kwa kuwa majirani nao walikuwa wanataka kujua nikapaza sauti kidogo. Nikasema haumwi hata kidogo. Nikasema kijana kupenda kijana mwenzake si ugonjwa, wakubwa wa afya duniani wamekwisha kuliondoa katika magonjwa. Nikaeleza vizuri, kwa utaratibu, bila kusahau kitu. Dokta Teodora angenisikia angejuta kumchagua Janet. Nilipomaliza hapakuwa na sauti hata ya kuku.

Ndipo nikamwona Masalu. Alikuwa ametoka nyuma ya nyumba na jembe, miguu ina udongo. Alikuwa amelala, inaonekana. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata kulala siku mbili tatu. Nikamwendea, nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akawatazama majirani waliokuwa wameanza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Akasema, "Kaka Shigela, hapa walikuwa hawajajua."

Akatuletea maji ya kunywa, mimi na dereva, kama wageni.



Jumanne, 24 Septemba

Kija amekuja kliniki leo asubuhi, na vumbi mpaka magotini. Amekaa mwisho wa benchi. Nilipomwita akaniuliza kama Masalu yuko kwangu. Masalu aliondoka Jumapili alfajiri. Hakuaga. Alikuwa amemaliza kulima kipande chote alichoanza. Kija alifika Bujora, Shimba hakumfungulia. Alifika Kirumba, hayupo. Alifika ziwani, akauliza wavuvi. Aliposema hilo la wavuvi akashindwa kuendelea.

Nikampa kiti. Nikamwambia pole. Akasema yeye hataki pole, anataka mtoto wake. Akasema kwake Masalu alikuwa mtoto tu, aliyejua kuchota maji na kucheka, na ya watu wanayosema hakuwa ameyauliza na hakuwa na mpango wa kuyauliza. Janet akaja akamchukua chumbani kwake, akafunga mlango. Nimesimama kwenye korido. Nilisikia wanazungumza, halafu nikasikia Kija analia, na sikuwa na mahali pa kuweka mikono yangu.

Sitasema uongo, leo ninaogopa. Ziwa hili limeshachukua wengi. Sitaki kumfikiria Masalu kando ya maji na viatu vile. Nilimpa pole Jumatano ile, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile maishani, na sielewi imefikaje hapa. Gladness anasema ninaelewa. Mimi sielewi. Kila nilichofanya nilikifanya kwa moyo.

Lakini kukaa na kulia hakumrudishi mtu. Janet anataka tutafute taratibu, aulize watu wake wanaojua kunyamaza, mmoja mmoja. Taratibu! Mtu amepotea! Mchana nimetoka bila kumwambia nikaenda ofisi ya redio, kwenye dirisha la matangazo. Litasomwa kesho baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, wakati kila nyumba ya Usukuma imefungua redio. Nimelitunga mwenyewe, fupi na la heshima. Masalu, mtoto wa Shimba wa Bujora, aliyekuwa akikata minofu Mwanza na kuishi Kirumba na marehemu Otuoma, popote alipo arudi haraka kliniki ya afya ya akili, asiogope, kwa kuwa siri yake bado iko salama kwa muuguzi Shigela. Mama wa dirishani alinitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia asome kama lilivyo, polepole, na jina la baba asilikosee.